Kushusha kundi la baiskeli za milimani: mwongozo kamili kwa anayeongoza

Kundi la watu wanane linaondoka juu pamoja na kufika chini vipande vipande. Mmoja karushwa mbele ya usukani kabla kilomita ya kwanza haijaisha. Wawili wamekata kulia penye njia panda, wenzao wamekwenda kushoto. Breki za wa mwisho zinanuka kuungua, na mwongozaji amekaa chini kwenye kivuli anapiga simu ambazo hazipokelewi.

Anayeongoza mara nyingi ni mwendeshaji hodari, pengine mtu wa mashindano ya mteremko. Umahiri huo haumtoshi. Mashindano yanamfundisha mtu mahali pa kuachia breki. Kuongoza kundi kunamtaka ajue mahali pa kusimama. Mwongozo huu umejengwa juu ya vituo, kwa sababu kundi halivunjwi na mtu mwenye mwendo wa polepole. Linavunjwa na vituo ambavyo havikuchaguliwa kabla ya safari.

Tunazungumzia kundi la watu wasiozidi wanane, waongozaji wawili, na mteremko wa mita 500 hadi 1,000 kwa nusu siku. Ni aina ya safari zinazofanyika Usambara kuzunguka Lushoto, au kwenye miteremko ya Ngong. Kama uko peke yako bila mwenzako wa nyuma, chukua watu wanne, basi.

## Vifaa

Kwa kila mwendeshaji

- Baiskeli yenye breki za diski za mafuta. Diski ya mbele isipungue milimita 180. Kwa mtu wa zaidi ya kilo 90, 200 au 203.
- Tairi zenye upana wa inchi 2.3 hadi 2.5, meno ya pembeni yakiwa bado yana kingo kali.
- Kofia isiyowahi kuanguka. Kwa njia za kawaida inatosha yenye alama ya usalama ya EN 1078. Kwa mteremko wa kasi, kofia inayofunika kidevu yenye ASTM F1952. Kofia za mitumba ziacheni huko huko sokoni: povu la ndani likishapasuka halionekani kwa nje, na hujui ilikotoka.
- Glavu za vidole vyote, kinga za magoti, miwani ya vumbi, maji lita 2.
- Tyubu moja ya saizi ya gurudumu lake.

Kwenye mikoba ya waongozaji wawili

- Pampu ya mkono, vijiti vitatu vya kutolea tairi, viraka na gundi, nyuzi za kuzibia tairi zisizo na tyubu.
- Alenki za milimita 2, 2.5, 3, 4, 5, 6 na 8, pamoja na bisibisi ya nyota T25.
- Kifaa cha kukatia cheni, na viungo vya kuungia vya kila aina ya cheni iliyopo kwenye kundi. Kiungo cha gia 10 hakikai vizuri kwenye cheni ya gia 12.
- Pedi za breki, seti moja kwa kila umbo lililopo. Hapa ndipo wengi hukwama: wanabeba pedi za baiskeli yao tu.
- Kipande cha alumini kinachoshika mkono wa gia wa nyuma. Kila fremu ina chake, hivyo kinunuliwe mapema.
- Vibano vya plastiki, utepe wa gundi wenye nguvu, kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole kwa ajili ya tairi iliyochanika.
- Huduma ya kwanza: glavu za mpira, bandeji pana nne, vitambaa viwili vya pembetatu, shashi, plasta, mkasi, maji safi nusu lita ya kuoshea vidonda, blanketi la karatasi ya fedha.
- Filimbi, betri ya akiba ya simu, na simu mbili zenye laini za mitandao tofauti. Bonde moja linaweza kuwa na mtandao huu na lisiwe na ule.

Kuhusu valvu: ile nyembamba inaingia kwenye tundu la valvu nene, lakini nene haiingii kwenye tundu la nyembamba bila kutoboa rimu. Kama huna uhakika wa rimu za wageni, tyubu zako za akiba ziwe za valvu nyembamba, na pampu yako ikubali zote mbili.

## Hatua ya 1: Tembea njia kabla ya kuiongoza

Wanaoshindana kwenye mteremko hukagua njia kwa miguu kabla ya kuigusa kwa baiskeli. Chukua desturi hiyo kama ilivyo. Ukiwa juu ya baiskeli unaona mstari wako wewe tu, yaani pale utakapopitisha magurudumu. Ukiwa kwa miguu unaona wapi mtu asiye na mstari atateleza.

Nenda ndani ya wiki moja kabla ya safari, si miezi miwili. Mvua moja kubwa ya masika inaweza kukata mfereji wa nusu mita katikati ya kijia kilichokuwa laini. Udongo mwekundu wa Usambara ukikauka unashika vizuri, ukilowa juu huku chini ni mgumu hakuna tairi inayoushika.

Andika mambo manne:

Vituo. Kila kituo kiwe tambarare au chenye mwinuko kidogo, kiwe na nafasi ya baiskeli kumi nje ya njia, na anayekuja akione angalau mita 20 kabla ya kufika. Usiweke kituo mara tu baada ya kona: wa tatu atamgonga wa pili. Kati ya kituo na kituo iwe dakika 3 hadi 8 za kushuka. Zaidi ya hapo mikono ya wageni imekaza na hawawezi tena kuvuta breki kwa kipimo.

Njia panda. Kila njia panda ni kituo cha lazima, hata kama kijia cha pili kinaonekana ni cha mbuzi. Mgeni hajui kipi ni cha mbuzi.

Sehemu ngumu. Kwa kila moja chagua mahali pa kusimama juu yake kwa maelezo, na mahali pa kusimama chini yake ili uone wanavyopita.

Milango ya kutokea. Wapi gari au bodaboda inaweza kufika? Andika jina la kijiji, shule au zahanati iliyo karibu, maana ukimwambia dereva namba za ramani hatakuelewa, ukimtajia shule ya msingi anakuja moja kwa moja.

Uliza pia siku ya soko. Vijia vya milimani ni barabara za watu: wapo wenye mizigo ya kuni kichwani, watoto wanaotoka shule, ng'ombe wanaorudi. Baiskeli haina mlio, na mtu aliyebeba mzigo hawezi kuruka pembeni. Shuka asubuhi siku ambayo si ya gulio.

Malizia na vibali. Msitu wa hifadhi ya mazingira Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ngong na Karura ziko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Lipa langoni, uliza njia zipi baiskeli zinaruhusiwa, na hifadhi risiti.

Umefaulu ikiwa: una karatasi moja yenye orodha ya vituo kwa mpangilio, na mwenzako wa nyuma anaweza kuisoma bila kukuuliza neno.

## Hatua ya 2: Kagua baiskeli zote siku moja kabla

Usikague asubuhi ya safari. Ukikuta breki ina hewa saa moja asubuhi, utajishawishi kwamba "si mbaya sana".

### Breki kwanza

Kamata mkono wa breki kwa nguvu uhesabu hadi kumi. Mkono huo usifike kwenye usukani, wala usiendelee kuzama polepole. Ukizama, kuna mafuta yanayovuja. Ukiwa laini kama unabonyeza sponji na unakaza ukipampu mara kadhaa, kuna hewa ndani, itolewe.

Angalia aina ya mafuta kabla ya kuongeza chochote. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Za SRAM nyingi hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT 5.1, ingawa baadhi ya zile mpya ni za mafuta ya madini. Kifuniko au mkono wenyewe umeandikwa. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki nzima inakuwa ya kutupa. DOT pia hunyonya unyevu wa hewa, na ikizeeka inachemka mapema, yaani kwenye mteremko mrefu mkono unaenda hadi kwenye usukani bila kitu. Ibadilishe kila mwaka.

Pima pedi pamoja na bamba lake la chuma: chini ya milimita 3, toa. Diski nazo huisha. Kiwango cha chini kimechongwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi karibu milimita 1.5.

Pedi mpya hazipelekwi mlimani zikiwa mbichi. Tafuta barabara tambarare, endesha kwa mwendo wa wastani, vuta breki moja hadi mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, achia. Rudia mara 20, kisha mara 10 kwa kasi zaidi. Halafu breki nyingine. Kinachotafutwa ni utando mwembamba wa pedi kuganda sawasawa kwenye diski. Bila huo breki inapiga kelele na ina nusu ya nguvu.

Onyo: mafuta ya cheni ya kupuliza hayatumiki karibu na gurudumu la nyuma. Tone moja kwenye diski linatosha. Diski inasafishika kwa spiriti safi. Pedi iliyonyonya mafuta hubadilishwa. Wapo mafundi wanaoichoma kwenye moto wa jiko ili mafuta yatoke. Kwa baiskeli yako mwenyewe ni shauri lako, kwa ya mgeni hapana.

### Breki ya mbele iko mkono gani?

Jambo hili dogo linaangusha watu wengi kuliko mawe. Afrika Mashariki, kama Uingereza, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kulia. Baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Marekani na la Ulaya bara zina ya mbele kushoto, na ndizo zinazojaa kwenye makontena ya mitumba. Kwenye kundi moja utakuta zote mbili.

Mgeni kutoka Ujerumani akikodi baiskeli yenye breki ya mbele kulia, atakapotaka kupunguza mwendo kidogo kwa ya nyuma, atavuta ya mbele. Kwenye mteremko wenye kokoto, hiyo ndiyo safari ya kupita juu ya usukani. Haitokei akiwa ametulia. Inatokea akishtuka, kwa kuwa mkono unafuata mazoea ya miaka.

Waulize wiki nzima kabla: "Breki yako ya mbele umezoea mkono gani?" Fundi ahamishe, na kwa breki za mafuta atalazimika pengine kukata mpira na kutoa hewa upya, hivyo anahitaji muda. Ikishindikana, zungusha plasta nyekundu kwenye mkono wa breki ya mbele, mpe mgeni dakika 15 za kusimama na kuondoka kwenye uwanja, kisha mshtue: mwite jina ghafla, mwambie "Simama!" Akivuta sawa mara tano mfululizo, anaweza kwenda. Akikosea, atapanda gari la mizigo na kuwasubiri chini. Hatafurahi.

### Tairi, shokapu na nati

Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75 na tairi za inchi 2.4 zisizo na tyubu, anza na psi 22 hadi 24 mbele na 25 hadi 27 nyuma. Zenye tyubu, ongeza 4 hadi 6, vinginevyo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yanayolingana. Mzito zaidi aongezewe. Usimjazie hadi tairi iwe ngumu kama jiwe, itaruka-ruka badala ya kushika. Dawa ya kuzibia ndani ya tairi hukauka haraka kwenye joto. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia maji, ongeza mililita 60 hadi 100.

Mwendeshaji akisimama kwenye pedeli na mkoba wake mgongoni, foku ya mbele izame karibu asilimia 20 ya mwendo wake wote, na shokapu ya nyuma asilimia 25 hadi 30.

Kaza nati za usukani kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, aghalabu Nm (niutoni-mita) 5 hadi 6, na za diski kwa kipimo cha aliyezitengeneza. Kisha kamata breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "kok-kok" kichwani mwa fremu, beringi za usukani zimelegea.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuchukua baiskeli yoyote ya kundi na kuishusha wewe mwenyewe bila kusita.

## Hatua ya 3: Pima watu, usiwaulize

Ukiuliza "Umezoea mteremko?" utajibiwa ndiyo. Hakuna anayekubali kuonekana mchanga mbele ya wenzake. Tafuta uwanja wenye mwinuko kidogo na uwaangalie wakifanya haya:

1. Kusimama juu ya pedeli zikiwa usawa, kiti kikiwa chini, bila kuzizungusha, kwa mita 20.
2. Kusimama kwenye mstari uliochorwa chini, kwa breki zote mbili, bila gurudumu la nyuma kuburuza.
3. Kuzunguka namba nane kati ya mawe mawili yaliyoachana mita 5.
4. Kushuka ukingo wa sentimita 15 hadi 20 kwa mwendo wa kutembea.

Anayeshindwa la pili hashuki leo. Mengine yanafundishika njiani kwenye sehemu rahisi.

Tazama macho yao. Anayetazama gurudumu lake la mbele kwenye namba nane atatazama jiwe mlimani, na atakwenda alikotazama.

Umefaulu ikiwa: unajua kwa majina nani dhaifu zaidi, nani ana haraka zaidi, na umechagua njia kwa kipimo cha yule dhaifu.

## Hatua ya 4: Fundisha mkao na breki kwa dakika 20

Kiti kishushwe chini kabisa. Kikibaki juu, kinamsukuma mtu mbele kila gurudumu la nyuma linapoinuka, na hana nafasi ya kurudisha nyonga.

Mkao: pedeli usawa, visigino vimeshuka chini, magoti yamelegea, viwiko vimetoka nje, kidevu juu ya usukani. Uzito wote uwe miguuni. Kipimo chake ni rahisi: mwambie afungue viganja kidogo akiwa anashuka polepole. Kama anaanguka mbele, alikuwa ameegemea mikono.

Wageni wengi wameambiwa mahali fulani "kaa nyuma kabisa". Wakikaa hivyo kila wakati, gurudumu la mbele linakosa uzito na halipindi. Nyonga zirudi nyuma kwenye ukingo au mteremko mkali, zikishapita zirudi katikati.

Breki inavutwa kwa kidole kimoja, cha shahada. Vinne vinashika usukani. Sogeza mikono ya breki hadi kidole kikae kwenye ncha, si katikati, na uirekebishe ifikike kwa wenye viganja vidogo. Nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele, kwa kuwa uzito unahamia huko. Wafundishe kuivuta kwa kuongeza polepole, si kwa kugonga, na waiachie penye kokoto huru au mzizi uliolowa.

Breki kabla ya kona, si ndani yake. Tairi inayopinda na kusimamisha kwa wakati mmoja inashindwa yote mawili.

Kosa kubwa kuliko yote ya wanaoanza ni kushikilia breki kidogo-kidogo kuanzia juu hadi chini. Joto halipati nafasi ya kutoka, pedi zinang'aa kama kioo, mafuta yanachemka. Wafundishe kuvuta kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha kuachia kabisa kwenye sehemu nyoofu. Woga utawapinga, na hapo ndipo vituo vya karibu vinapowasaidia: mtu akijua atasimama baada ya dakika nne, anathubutu kuachia.

Umefaulu ikiwa: wakishuka mita 100 za mazoezi unasikia breki zikianza na kuacha, si mlio mmoja mrefu.

## Hatua ya 5: Panga kundi na kanuni zake

Wewe mbele. Nyuma yako mara moja yule dhaifu zaidi, ili afuate mstari wako na mwendo wako uongozwe naye. Wenye haraka wakae katikati, wakibanwa na walio mbele. Mwisho kabisa mwenzako wa nyuma, akiwa na zana nzito na mkoba wa huduma ya kwanza. Mkoba huo ukikaa na wa mbele, kila ajali itatokea mlimani kwake, na kupanda na baiskeli kijia cha mteremko mkali ni kazi ya robo saa.

Anayetaka kuwa mwongozaji aanzie nyuma. Ukiwa mkia unaona makosa ya watu wote wanane, unaona mwongozaji anasimama wapi na kwa nini. Kozi zipo, kama za PMBIA, chama cha walimu wa baiskeli za milimani cha Kanada, au za British Cycling, chama cha baiskeli cha Uingereza, lakini zinamkuta mtu akiwa tayari ana saa nyingi za mkia. Kinachopatikana hapa nyumbani bila safari ya ndege ni mafunzo ya huduma ya kwanza ya Chama cha Msalaba Mwekundu, Kenya na Tanzania pia. Anza na hayo.

Kanuni zitangazwe mara moja, kwa sauti, na kila mtu azirudie:

- Hakuna anayempita wa mbele, hakuna anayebaki nyuma ya mkia.
- Nafasi ya sekunde tatu kati ya mtu na mtu. Penye vumbi, subiri hadi uione njia.
- Penye shaka, simama na usubiri wa nyuma yako. Usikisie.
- Kila mtu ana namba. Kituoni mnahesabu kwa sauti.
- Maneno mawili tu ya kupokezana: "Simama!" na "Mtu!". La pili ni kwa yeyote anayetembea, awe binadamu au ng'ombe.

## Hatua ya 6: Kushuka, kituo kwa kituo

Kipande cha kwanza kiwe cha mwendo unaowaudhi. Breki bado ni baridi, miili imekaza, na kila mtu anataka kuonyesha alichonacho.

Kituoni fanya mambo haya kwa mpangilio uleule kila mara: hesabu watu, gusa hewa karibu na diski zao, tazama mikono. Usiguse diski yenyewe. Baada ya mteremko mrefu inababua ngozi. Anayetingisha viganja au kufungua na kufunga vidole, misuli ya mikono imejaa, na kipande kinachofuata kiwe kifupi.

Sasa kosa la waongozaji karibu wote. Wenye kasi wamefika na kupumzika dakika tano. Wa mwisho anatokea, jasho linamtiririka, na papo hapo mwongozaji anasema "Haya, twende." Aliyechoka kuliko wote ndiye aliyepumzika kidogo kuliko wote, na kipande kinachofuata ndicho atakachoangukia. Saa ya mapumziko inaanza anapofika wa mwisho. Dakika mbili kamili, awe ameshuka kwenye baiskeli na amekunywa maji.

Kwenye sehemu ngumu, geuza swali. Ukisema "Asiyeweza atembee," wataendesha wote kwa aibu. Sema: "Hapa tunatembea. Anayetaka kuendesha anionyeshe kwanza mstari wake kwa kidole." Asiyeweza kuuonyesha hana mstari. Wanapita mmoja mmoja, wewe ukiwa umesimama chini ya sehemu yenyewe, upande wa nje ambako mtu akianguka ataelekea. Anayefuata haanzi mpaka uinue mkono.

Mkikutana na wenyeji, shukeni hadi mwendo wa kutembea na msalimie. Shikamoo kwa wazee, na wageni wafundishwe neno hilo juu, kabla ya kuondoka. Aliyebeba mzigo apewe upande wa mlima, ninyi mkae upande wa bonde. Ng'ombe wapite wote ndipo mwondoke. Ndama aliyebaki nyuma atakimbia kumfuata mama yake katikati ya magurudumu.

Umefaulu ikiwa: tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho kufika kituoni haizidi dakika mbili. Ikizidi, fupisha vipande.

## Hatua ya 7: Mambo yanapoharibika

Pancha. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba. Miiba ya migunga haionekani kwa nje, na tyubu ya pili inatoboka kabla hamjafika kona. Huna saizi sahihi? Tyubu ya 27.5 inavutika kuingia kwenye 29 kwa dharura.

Mkono wa gia umekatika. Utoe, kata cheni iwe fupi, funga kwenye gia moja ya katikati nyuma. Atashuka vizuri, kupanda atatembea.

Breki imekwisha nguvu kwa joto. Simama dakika 10 na zaidi kivulini. Usimwagie maji; diski ya moto inapinda. Ikirudi baada ya kupoa, vipande viwe vifupi. Isiporudi, baiskeli inasukumwa kwa mkono hadi mlango wa kutokea. Hakuna kushuka kwa breki moja.

Mtu kaanguka. Kwanza zuia ajali ya pili: filimbi, na mtu mmoja apande mita 30 kuwasimamisha wanaokuja. Usimwinue. Wenzake watataka kumwinua kwa huruma, wazuie. Angalia anapumua, angalia damu inayotoka kwa kasi na uikandamize. Muulize kama shingo au mgongo unauma, kama anahisi vidole vya mikono na miguu. Jibu likitia shaka, kichwa kishikiliwe kilivyo na kofia ibaki, isipokuwa inazuia kupumua.

Aliyegonga kichwa akarudia swali lilelile, akatapika, akasahau mlikotoka au anayumba, safari yake imeisha na anapelekwa hospitali. Akisema "Niko sawa", bado imeisha. Maumivu ya bega na mkono anaoushikilia kifuani mara nyingi ni mfupa wa mtulinga. Funga kitambaa cha pembetatu, asiguse baiskeli.

Mwenzako wa nyuma anabaki na majeruhi pamoja na mtu mmoja mzima. Wewe unalishusha kundi hadi kituo kinachofuata, si hadi chini, na unapiga simu. Namba ya dharura Tanzania ni 112. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Taja mlango wa kutokea ulioandika kwenye Hatua ya 1, idadi ya majeruhi na kinachouma, kisha tuma mtu akasubiri gari barabarani.

## Hatua ya 8: Chini

Mkifika mapema, mtu atasema turudie kipande cha mwisho. Kama kuna gari la kuwapandisha na mikono haijakaza, warudie njia ile ile kwa mwendo ule ule. Usikubali njia mpya wala kushindana saa. Mchana huo watu wanaijua njia vya kutosha kuiamini na wamechoka vya kutosha kuikosea.

Kabla hamjaachana, zungusha kila gurudumu, sikiliza breki, tafuta tairi iliyochanika ubavuni. Pima pedi na uandike kwenye daftari: tarehe, baiskeli, milimita za mbele, milimita za nyuma, hali ya njia. Tope lenye mchanga linaweza kumaliza pedi mpya ndani ya siku moja, na daftari ndilo litakalokuonyesha ununue seti ngapi kabla ya vuli.

Osha kwa ndoo na brashi, si kwa presha ya kuoshea magari, kwani maji yataingia kwenye beringi na kusukuma grisi nje. Kausha cheni, itie mafuta tone kwa tone, ufute yaliyobaki, diski ikiwa imefunikwa kwa kitambaa.